Jumla Chini ya Safu: Historia ya Fomula ya Kujumlisha katika Lahajedwali

Kujumlisha safu ya tarakimu ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa ambazo maandishi yalibuniwa ili kuzitimiza. Vibao vya udongo vya Uruk, mji wa kale wa kusini mwa Iraki ya leo, vilivyoandikwa yapata miaka 5,000 iliyopita, vinaonyesha jinsi makarani walivyoorodhesha upande wa mbele kiasi cha nafaka, mifugo au vibarua, kila kiasi katika kisanduku chake, kisha wakakigeuza kibao na kuandika jumla upande wa nyuma. Zaidi ya miaka 1,000 baadaye, katika mji wa Nippur, makarani wa Babeli walikwisha kuanza kutumia majedwali yenye vichwa vya safu na yenye jumla kwa wima na kwa mlalo, kwa hiyo umbo ambalo mhasibu wa leo analiona kwenye skrini ya kompyuta lina umri unaokaribia miaka 4,000. Kilichobadilika katika karne ya 20 ni kile kinachowekwa mahali pa jumla: zamani palikuwa na tarakimu iliyokwisha kupatikana, na sasa pana agizo linalosema ni tarakimu zipi zikusanywe, agizo ambalo hutekelezwa upya kila mara tarakimu hizo zinapobadilika. Agizo hilo huitwa fomula, na jedwali la kielektroniki linalolihifadhi huitwa lahajedwali. Historia yake ni fupi kwa miaka lakini ina mengi ya kufundisha, kwa kuwa sehemu ndogo kuliko zote ya fomula hiyo, yaani ile inayotaja mwanzo na mwisho wa safu, ndiyo iliyoipa nguvu yake, na ndiyo hiyo hiyo iliyozaa makosa yake mazito.

Kabla ya kompyuta, elimu ya kujumlisha ilikuwa kwa sehemu kubwa elimu ya kujilinda dhidi ya kosa. Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko aliyechapisha kitabu chake kikubwa cha hisabati mjini Venice mwaka 1494, alieleza humo namna wafanyabiashara wa mji huo walivyoweka hesabu kwa maingizo mawili, ambapo kila muamala huandikwa upande wa debiti na upande wa krediti, ili mwishoni jumla za pande hizo mbili zilingane, na zisipolingana mwenye daftari ajue kwamba lazima arudi nyuma kulitafuta kosa. Katika leja za karne zilizofuata kila ukurasa ulifungwa kwa jumla yake chini, jumla hiyo ikapelekwa mbele hadi kichwani mwa ukurasa uliofuata, na karatasi pana zenye safu nyingi zilijumlishwa mara mbili, kwanza kwa wima na kisha kwa mlalo, hadi majibu mawili yakutane katika kona ya chini kulia. Makarani walikuwa pia na mbinu zao za kuchungulia kosa lilipojificha: tofauti kati ya jumla mbili ikigawanyika kwa 9 bila baki, yumkini mtu amegeuza tarakimu mbili jirani, kama vile kuandika 450 badala ya 540, ambapo tofauti ni 90. Mbinu hizo zote zilitegemea jambo moja ambalo ni rahisi kulisahau leo, nalo ni kwamba karani alizipitia tarakimu zote kwa macho na kwa kalamu, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyoweza kuingia katika jumla, au kuachwa nje, bila kupita mkononi mwake.

Mashine za kujumlisha zilizoenea maofisini mwishoni mwa karne ya 19 ziliongeza kasi bila kuuvunja utaratibu huo. Dorr Felt wa Chicago, aliyeunda kielelezo chake cha kwanza kwa kutumia kasha la makaroni, alipata hataza ya mashine yake iliyoitwa Comptometer mwaka 1887, na mwaka uliofuata William Seward Burroughs, aliyekuwa karani wa benki kabla ya kugeukia uvumbuzi, alipata hataza za mashine iliyochapa kwenye karatasi kila tarakimu iliyoingizwa pamoja na jumla yake. Uchapaji huo ulikuwa na maana kubwa kwa wakaguzi wa hesabu, kwa sababu utepe wa karatasi ulioambatishwa kwenye daftari ulionyesha waziwazi kilichojumlishwa, na mtu wa pili aliweza kuufuata mstari kwa mstari hata kama hakuwapo wakati kazi ilipofanyika. Hata hivyo, tarakimu moja ikibadilika, utepe wote ulipoteza thamani na kazi ikaanza upya.

Upungufu huo ulihisiwa hasa katika bajeti. Leja hueleza yaliyokwisha kutokea, nayo haibadiliki ila kwa kusahihishwa, lakini bajeti hueleza yanayokisiwa, na makisio hubadilishwa mara nyingi kabla ya kukubaliwa: bei ya mafuta ikipandishwa katika mstari mmoja, jumla ya idara hubadilika, jumla ya robo mwaka hubadilika, jumla ya mwaka hubadilika, na pamoja nazo faida, kodi na kiasi cha mkopo unaohitajika. Mwanauchumi na mwanauhasibu Richard Mattessich alilishughulikia tatizo hilo katika makala aliyoichapisha mwaka 1961 kuhusu mifano ya bajeti, na mwaka 1964 akatoa kitabu kilichoonyesha programu ya kompyuta iliyoandikwa kwa lugha ya Fortran, ambayo iliweza kukokotoa bajeti nzima ya kampuni kutokana na takwimu chache za mwanzo. Uhusiano kati ya safu na jumla yake, hata hivyo, ulikuwa umefichwa ndani ya programu, mahali ambapo mhasibu wa kawaida hakuweza kuuona wala kuugusa.

Hatua iliyofuata ilipigwa Kanada mwaka 1969, pale Rene Pardo na Remy Landau walipotengeneza mfumo ulioitwa LANPAR, uliotumiwa na kampuni kubwa kama Bell Canada na General Motors katika kazi za bajeti. Mchango wao ulihusu mpangilio wa ukokotoaji. Jumla inaweza kuwekwa juu ya safu au chini yake, na tarakimu moja ndani ya safu hiyo inaweza kuwa yenyewe ni jumla ya safu nyingine iliyo mbali. Kompyuta inayokokotoa kwa kufuata tu mfuatano wa mistari, kutoka juu kwenda chini, itaifikia jumla ya juu kabla vijenzi vyake havijapatikana, na itatoa jibu la uongo. Pardo na Landau waliifanya kompyuta ichunguze kwanza ni fomula ipi inategemea ipi, kisha izikokotoe kwa utaratibu huo, popote zilipoandikwa. Waliomba hataza mwaka 1970, wakakataliwa, wakakata rufaa, na baada ya mahakama ya rufaa ya hataza ya Marekani kuamua upande wao mwaka 1982, hataza ilitolewa mwaka 1983, wakati ambapo uwanja huo ulikwisha kutawaliwa na wengine.

Aliyeileta fomula mikononi mwa mtu wa kawaida ni Dan Bricklin, ambaye mwaka 1978 alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Madarasani mwao majedwali ya fedha yalichorwa ubaoni, na kosa moja likigunduliwa, au dhana moja ikibadilishwa, mhadhiri alilazimika kufuta na kuandika upya tarakimu zote zilizoitegemea. Bricklin aliwazia ubao ambao ungejifuta na kujiandika wenyewe. Aliandika kielelezo cha kwanza kwa lugha ya BASIC kwenye kompyuta ya Apple II aliyoazimwa, kisha rafiki yake Bob Frankston akaiandika programu kamili katika chumba cha darini mjini Arlington, Massachusetts, akifanya kazi usiku kwa sababu saa hizo gharama ya kukodi muda kwenye kompyuta kubwa ilikuwa nafuu zaidi. Kampuni yao, Software Arts, iliandikishwa Januari 1979, na programu yenyewe, VisiCalc, ilianza kuuzwa mwaka huo huo kwa takriban dola 100. Haikuombewa hataza, kwani wakati huo wanasheria walikuwa na shaka kama programu ya kompyuta inaweza kulindwa kwa njia hiyo.

VisiCalc ilikuwa na safu 63 zilizotajwa kwa herufi na mistari 254 iliyotajwa kwa namba, na kila mahali safu na mstari zilipokutana palikuwa na seli, yaani kisanduku kimoja chenye anwani yake, kama A1 au C12. Inafaa kuutazama kwa karibu uandishi wa fomula ya kujumlisha katika programu hiyo, kwa sababu karibu kila kilichomo humo kimeendelea kuishi. Mtumiaji aliyetaka jumla ya seli sita aliweza kuandika +A1+A2+A3+A4+A5+A6, na alama ya kujumlisha iliyotangulia ilikuwa ya lazima, kwani ingizo lililoanza kwa herufi lilihesabiwa kuwa neno. Njia ya pili ilikuwa kuandika @SUM(A1...A6), ambapo alama ya @ iliiambia kompyuta kwamba linalofuata ni jina la kitendakazi, maana yake ukokotoaji uliokwisha kuandaliwa na kupewa jina, na nukta tatu zilisimama badala ya seli zote zilizo kati ya ya kwanza na ya mwisho. Hakulazimika kuandika anwani hizo kwa mkono. Baada ya kufungua mabano aliisogeza kasa, yaani alama ya mahali kwenye skrini, hadi seli ya kwanza, akabonyeza nukta, akaisogeza hadi ya mwisho, akafunga mabano. Na kwa kuwa kibodi ya Apple II ya kwanza ilikuwa na vitufe viwili tu vya mishale, wa kushoto na wa kulia, ilimbidi abonyeze kitufe cha nafasi ili mishale hiyo igeuke kuwa ya kwenda juu na chini. Fomula iliandikwa, kwa hiyo, kwa kuonyesha, na mtu asiyejua aljebra wala lugha yoyote ya kompyuta aliweza kuiandika.

Katika njia ya kwanza mwandishi anazitaja tarakimu zake zote, kama karani wa zamani. Katika njia ya pili anataja mipaka miwili na kuiachia kompyuta yaliyo katikati. Fungu hilo la seli zinazofuatana, linalotajwa kwa mwanzo wake na mwisho wake, huitwa masafa, na masafa ndiyo uvumbuzi hasa wa fomula hii, kwa sababu kujumlisha seli 200 kwa njia hiyo hakuhitaji maandishi marefu kuliko kujumlisha seli 6, na kwa sababu mtu akipenyeza mstari mpya katikati ya safu, masafa hutanuka na kuumeza bila fomula kuguswa. Masafa yaliruhusu pia fomula moja kunakiliwa. VisiCalc ilipoagizwa kurudia fomula ya safu A katika safu B, C na nyinginezo, iliuliza kwa kila anwani kama ibaki vilevile au ibadilike kulingana na mahali papya, na mtumiaji aliyejibu kwamba ibadilike alipata kwa mara moja jumla za miezi yote 12 ya mwaka, kila moja ikiitazama safu yake.

Ukokotoaji wa VisiCalc ulibaki nyuma ya LANPAR katika jambo moja, kwa kuwa ulifuata mfuatano wa safu au wa mistari tu, na jumla iliyowekwa juu ya vijenzi vyake iliweza kuonyesha jibu la zamani hadi mtumiaji aamuru ukokotoaji mara ya pili. Upande mwingine ulikuwa na busara kubwa: Frankston aliamua tarakimu zikokotolewe kwa desimali, ili wahasibu wapate majibu yale yale ambayo wangeyapata kwa penseli. Programu nyingi zilizofuata zilitumia mfumo wa jozi, yaani wa 0 na 1 pekee, ambao ndio lugha ya asili ya kompyuta lakini ambao hauwezi kuiandika kikamilifu hata sehemu moja ya kumi, hivyo senti zinazojumlishwa kwa maelfu huweza kuacha kijisehemu kidogo cha ziada au pungufu mbali kulia kwa nukta. Mwanahisabati William Kahan alikwisha kuchapisha mwaka 1965 mbinu ya kupunguza upotevu wa aina hiyo katika kujumlisha, kwa kutunza kila mara kijisehemu kilichodondoka na kukirudisha katika hatua inayofuata.

Warithi wa VisiCalc walikuja haraka. Mwaka 1982 Microsoft ilitoa Multiplan, iliyozitaja seli kwa namba za mstari na za safu, na iliyomruhusu mtumiaji kuandika fomula yenye maana ya "jumlisha seli sita zilizo juu yangu", fomula ambayo maandishi yake hayabadiliki hata ikinakiliwa mahali mia, na ambayo kwa mtazamo wa kimantiki ndiyo namna safi zaidi ya kuieleza jumla, ingawa haikupendwa na wengi. Januari 1983 ilitoka Lotus 1-2-3 ya Mitch Kapor na Jonathan Sachs, iliyoibakiza alama ya @, ikazipunguza nukta ziwe mbili, ikakokotoa kwa kufuata utegemezi wa fomula, na kuufanya mtindo huo kuwa jambo la kawaida kwenye kompyuta ndogo. Lotus iliinunua Software Arts mwaka 1985 na kuisimamisha VisiCalc. Septemba mwaka huo huo Microsoft ilitoa Excel kwa kompyuta za Macintosh, na ndipo fomula ilipopata sura inayojulikana leo na karibu kila mwenye kazi ya ofisini: =SUM(A1:A6), yenye alama ya sawasawa mwanzoni na nukta pacha kati ya mipaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliongezwa juu ya skrini alama ya Σ, herufi ya Kigiriki ambayo Leonhard Euler aliichagua mwaka 1755 kuwa alama ya jumla. Mtumiaji anapoibofya, programu yenyewe hukisia masafa kwa kutazama tarakimu zilizopangana juu ya seli, na hukoma inapokutana na seli tupu. Wahasibu waliofunzwa katika zama za Lotus waliendelea kuanza fomula zao kwa alama ya kujumlisha, na Excel huipokea kwa kuitangulizia alama ya sawasawa, kiasi kwamba maandishi ya =+A1+A2 bado yanaonekana katika mafaili ya ofisi nyingi.

Afrika Mashariki iliipokea fomula hii kwa njia mbili tofauti. Tanzania ilikuwa imefunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini baada ya mfumo wa kompyuta wa hesabu za serikali kushindwa kutimiza yaliyotarajiwa, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na kwa sababu hiyo miaka ile ambayo VisiCalc na Lotus zilikuwa zikibadilisha ofisi za nchi nyingine iliikuta nchi hiyo ikiendelea kwa sehemu kubwa na leja, kikokotoo na kalamu. Nchini Kenya mambo yalikwenda vingine: mwanzoni mwa miaka ya 1980 kompyuta ndogo ziliingizwa katika kazi za bajeti za wizara zilizoshughulikia kilimo na mifugo, na Thomas Pinckney, John Cohen na David Leonard walichapisha mwaka 1983 makala kuhusu uzoefu huo, miaka minne tu baada ya VisiCalc kutoka. Kiswahili chenyewe kiliingia katika lahajedwali mwaka 2004, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi wenye menyu za Kiswahili, lahajedwali likiwa mojawapo. Kwa upande wa magharibi, wazungumzaji wa Kiswahili wa Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura wanaotumia Excel ya Kifaransa huandika SOMME pale wenzao wa Mombasa na Tanga wanapoandika SUM, na kwa kuwa faili lenyewe huhifadhi jina moja la ndani, lahajedwali lililotumwa kutoka upande mmoja hufunguka upande wa pili likiwa na jina la huko na hesabu ile ile.

Historia ya makosa ya fomula hii ilianza mapema. Katika miaka ya 1980 kampuni moja ya ujenzi ya Florida ilitayarisha zabuni kwa lahajedwali la kampuni ya Lotus, na mtayarishaji, alipokumbuka gharama za jumla za uendeshaji zilizokuwa dola 254,000, alipenyeza mstari mpya juu kabisa ya safu na kuziandika humo. Mstari huo ulikuwa nje ya mpaka wa mwanzo wa masafa. Jumla haikubadilika, zabuni ilitolewa ikiwa pungufu kwa kiasi hicho, na kampuni ikaishtaki Lotus kabla ya kuiondoa kesi yenyewe. Programu ilikuwa imefanya kama ilivyoagizwa: masafa hutanuka mstari unapopenyezwa kati ya mipaka miwili, na hayatanuki unapowekwa kabla ya mpaka wa kwanza au baada ya mpaka wa mwisho. Watumiaji wenye uzoefu walikuwa na dawa yao, nayo ilikuwa kuujumuisha ndani ya masafa ule mstari wa vistari uliochorwa kati ya tarakimu na jumla, ambao kwa kuwa ni maandishi ulihesabiwa kuwa sufuri, ili kila ingizo jipya lililowekwa juu ya vistari hivyo liwe ndani ya mipaka.

Kosa la aina hiyo lilifika katika uwanja wa sera za uchumi wa dunia mwaka 2013. Wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walikuwa wamechapisha mwaka 2010 makala iliyoonyesha kwamba nchi zenye deni la umma linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa asilimia -0.1, na makala hiyo ilitajwa mara nyingi na wanasiasa waliotaka matumizi ya serikali yabanwe. Thomas Herndon, mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst, akishirikiana na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin, alipolipata lahajedwali lao aliona kwamba fomula ya wastani, ambayo ndani yake ni jumla iliyogawanywa kwa idadi, ilianzia mstari wa 30 na kukomea wa 44 badala ya wa 49, na kwa hiyo iliziacha nje Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Haki inadai isemwe kwamba mstari huo uliokomea mapema ulichangia sehemu ndogo tu ya tofauti, na kwamba sehemu kubwa ilitokana na takwimu zilizoachwa na namna nchi zilivyopewa uzito. Lakini baada ya marekebisho yote Herndon na wenzake walipata wastani wa asilimia 2.2, na waandishi wa makala ya kwanza walikiri kosa la lahajedwali. Mwaka huo huo ripoti ya benki ya JPMorgan kuhusu hasara ya zaidi ya dola bilioni 6 iliyoipata mjini London mwaka 2012 ilieleza kwamba katika lahajedwali moja la kupimia hatari, tofauti ya viwango viwili iligawanywa kwa jumla yao mahali ilipopaswa kugawanywa kwa wastani wao, na kwa kuwa jumla ya viwango viwili ni mara mbili ya wastani wao, hatari ilionekana ndogo kuliko ilivyokuwa.

Yako makosa mengine yasiyopata umaarufu huo lakini yanayotokea kila siku, na la kutisha zaidi ni lile la tarakimu iliyohifadhiwa kama maandishi. Tarakimu iliyonakiliwa kutoka mfumo mwingine, au iliyotanguliwa na alama ya ritifaa, huweza kuonekana kwenye skrini kama 500 ya kawaida huku programu ikiihesabu kuwa neno; fomula ya =A1+A2+A3 huigeuza kuwa tarakimu na kuijumlisha, ilhali =SUM(A1:A3) huiruka kimya, kwa hiyo fomula mbili ambazo mwalimu yeyote angesema zina maana moja hutoa majibu mawili. Kosa la kuweka jumla ndani ya masafa yake yenyewe, ambalo huifanya fomula ijitegemee na kuzunguka bila mwisho, lina hatari ndogo zaidi kwa sababu programu hulitangaza. Kuhesabu mara mbili jumla ndogo zilizomo ndani ya jumla kuu kulipatiwa tiba kwa kitendakazi cha SUBTOTAL, ambacho huziacha seli zenye kitendakazi hicho hicho, na mwaka 2007, pamoja na kuongeza mistari ya lahajedwali kutoka 65,536 hadi 1,048,576, Excel iliboresha majedwali yenye jina, ambamo jumla huandikwa kwa kutaja jina la safu, na mpaka wa chini husogea wenyewe kila ingizo jipya linapoongezwa. Njia hiyo ingeliepusha kosa la Florida na lile la mstari wa 44, nayo inastahili kufundishwa mapema zaidi kuliko inavyofundishwa sasa katika vyuo vya uhasibu na ukarani.

Wanaolichunguza tatizo hili, wakiwemo Raymond Panko wa Chuo Kikuu cha Hawaii na kundi la wataalamu wa Ulaya la EuSpRIG lililoanzishwa mwaka 1999, wamekubaliana kwamba makosa katika malahajedwali makubwa ni jambo la kawaida, na kwamba mtu huyaona kwa shida katika kazi aliyoiandika mwenyewe. Karani wa leja alizipitia tarakimu zote kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, na utepe wa Burroughs uliziorodhesha mbele ya mkaguzi. Seli ya jumla huonyesha jibu peke yake, na masafa yaliyolizaa hubaki nyuma yake. Mwenye kukabidhiwa bajeti, mizania au orodha ya mishahara katika lahajedwali na atue kwanza kwenye seli ya jumla, abonyeze kitufe cha F2, na programu itazizungushia mstari wa rangi seli zilizomo. Kisha alinganishe mstari wa kwanza na wa mwisho wa rangi hiyo na mwanzo na mwisho wa safu yenyewe, kabla ya kuweka sahihi.